Barua ya Wazi kwa Mnaotia Saini kwa Niaba ya Mombasa

Mombasa

Kwa Waheshimiwa viongozi wa serikali ya kitaifa na ya kaunti, wabunge, maseneta na wawakilishi wadi mliopewa dhamana ya kufunga mikataba na mataifa ya nje,

KUH: MIFUMO YA UTAWALA INAYOLETWA NA MATAIFA MAKUBWA BILA WAKAZI KUULIZWA

Waheshimiwa,

Salamu za heshima kwenu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Sikuanzia hadharani. Nilianza kwa barua ya kawaida, nikaipeleka kwa mkono wangu kwenye ofisi moja ya umma hapa kisiwani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Niliomba kitu kimoja: nakala ya mkataba wa maelewano na nchi ya kigeni ambao sisi wakazi tuliuona kwenye picha tu, mabwana wawili mbele ya bendera mbili, kalamu mkononi, tabasamu tele. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Zikapita. Nikafuatilia, nikaambiwa faili liko kwa mkubwa. Na mkubwa je? Yuko ng'ambo. Karani, Mungu ambariki, akanieleza bila hila yoyote kwamba mkubwa amekwenda kwenye mafunzo ya utawala bora.

Nilicheka njia nzima. Kicheko kilipokwisha ndipo nikaamua kuandika.

Mimi ni karani mstaafu wa forodha. Kazi yangu ilikuwa Shimanzi na Kilindini, kusoma karatasi za mizigo ya watu, na huko asiyesoma alichotia saini ndiye alipaye. Basi msinihesabu kuwa adui wa Uchina wala mpiga debe wa Marekani. Nataka kusoma karatasi, na karatasi hazionyeshwi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tunaletewa namna ya kutawaliwa, si reli na dawa peke yake

Mataifa makubwa hayagombanii bandari na soko tu. Yanagombania pia nani aonekane anajua kutawala. Desemba 2021 Marekani iliitisha Mkutano wa Demokrasia, ikaalika nchi zaidi ya 100. Kenya ikapata mwaliko, Tanzania na Uganda zikaachwa nje. Siku chache kabla ya mkutano huo Uchina ikatoa waraka rasmi wa kueleza kwamba demokrasia inayofanya kazi ni ile ya kwake. Februari 2022 ikafunguliwa Kibaha, Tanzania, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa chama tawala cha Uchina kwa ajili ya vyama sita: CCM ya Tanzania, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia na ZANU-PF ya Zimbabwe. Na Septemba 2024, katika mkutano wa Uchina na Afrika uliofanyika Beijing, wenyeji waliahidi kuwaalika wanachama 1,000 wa vyama vya siasa vya Afrika wakabadilishane nao uzoefu wa kuendesha chama na dola.

Marekani nayo ina mlango wake. Mpango wa AGOA, uliofungulia nguo zetu soko lake bila ushuru, ulikuwa na masharti juu ya utawala wa sheria na vyama vingi. Ethiopia ikaondolewa Januari 2022, Uganda Januari 2024. Muda wa mpango ulipofika ukomo Septemba 2025, akina mama wanaoshona kwenye viwanda vya EPZ, vile vya kuuza nje, hapa Mombasa walikuwa wakisubiri uamuzi wa bunge ambalo hawajawahi kulipigia kura.

Taifa likijinadi halijatenda kosa. Wala kuazima si dhambi: Nyumba Kumi, ule utaratibu wa majirani kulinda mtaa wao, tuliiazima kwa jirani zetu wa Tanzania baada ya shambulio la Westgate 2013, tena waziwazi, kila mzee wa mtaa akaambiwa inatoka wapi. Ninayoyalalamikia mimi yaliingia kimyakimya, yakiwa yameandikwa ndani ya mikopo, vifaa na semina.

2. Reli ya SGR na siri iliyopanda nayo

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mji huu ulipoumia.

Mkopo wa kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi ulitiwa saini 2014 na Benki ya Exim ya Uchina, takriban dola bilioni 3.6. Treni ikazinduliwa mwisho wa Mei 2017. Simjui mtu wa Mombasa anayeichukia treni yenyewe. Mimi nimeipanda na nikasinzia vizuri. Kilichotuumiza ni ahadi zilizofungwa kando yake. Mamlaka ya Bandari ilijifunga kuipa reli kiwango maalumu cha shehena, na kikipungua, ilipe. Ndipo makontena yakawa yanapandishwa treni moja kwa moja hadi bandari kavu ya Embakasi, mwenye mzigo apende asipende. Nendeni mkawaulize madereva wa trela, makuli wa magodauni, mawakala wadogo wa forodha, wenye vituo vya makontena, na mama anayepika wali Changamwe kwa ajili ya hao wote. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani hapa mjini kwa sababu hiyo. Ilibidi tungoje mpaka Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwa Rais mpya, ndipo ikatoka amri kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa amri ilikwenda na kwa amri ikarudi, na kati ya amri hizo mbili kuna watu walioshafunga ofisi na kuuza magari yao.

Sasa tazameni utawala uliokuja na mataruma. Wanaharakati wawili waliomba waonyeshwe mikataba ya reli. Hawakuonyeshwa. Wakaenda Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaamuru serikali iitoe. Novemba 2022 Waziri wa Uchukuzi akaweka hadharani baadhi yake, tukaona kwa macho yetu: mkopaji asitoe masharti kwa mtu mwingine bila idhini ya mkopeshaji, mkataba uongozwe na sheria za Uchina, mgogoro ukitokea, usuluhishi ufanyike Beijing. Deni la umma, linalolipwa kwa kodi ya umma, halafu umma ndio uliokatazwa kulisoma.

Kuna wasemao hiyo ndiyo tabia ya Uchina. Labda. Lakini Uchina haijaapa kuilinda Katiba ya Kenya. Ibara ya 35, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, haiwabani wao. Inawabana ninyi. Aliyekubali kifungu cha siri alikuwa Mkenya, mwenye ofisi Nairobi.

3. Kamera za upande mmoja, warsha za upande wa pili

Mwaka huo huo wa 2014 serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano na kamera za usalama wa Nairobi na Mombasa, kwa vifaa vya Huawei, kampuni ya Uchina. Huawei yenyewe ilitangaza kamera 1,800 kwa miji hiyo miwili. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019. Yaani kamera ziliitangulia kwa miaka mitano sheria ya kutulinda nazo. Mpaka leo sijasikia baraza lolote la chifu ambapo mwananchi ameelezwa picha zake zinahifadhiwa muda gani, nani anaziangalia, na akitaka kulalamika aende mlango gani. Wezi wa simu Mwembe Tayari wangali wapo, lakini hilo ni jambo jingine.

Wa Magharibi hawakuleta kamera, walileta warsha. Fedha za Marekani na Uingereza za kupambana na ugaidi zilisaidia vikosi vya polisi, na kuanzia 2017 kaunti za Pwani zikawa na mipango yake ya kuzuia itikadi kali. Watu wa Mombasa tunazijua warsha hizo: hoteli yenye kiyoyozi, kitambulisho cha shingoni, mada ya haki za binadamu asubuhi, nauli jioni. Na katika miaka hiyo hiyo kuna familia za Majengo na Likoni zilizokuwa zikizunguka vituo vya polisi zikiwatafuta vijana wao waliochukuliwa na wasirudi. Aprili 2015 akaunti za mashirika mawili yaliyokuwa yakifuatilia kesi hizo, MUHURI na Haki Africa, zikafungiwa. Baadaye mwaka huo mahakama ikasema haikuwa halali. Wafadhili walilaani kwa maneno mazuri. Msaada kwa vyombo vya usalama uliendelea.

Naeleza yote mawili kwa sababu najua kuna kambi mbili mezani kwenu. Moja husema tufuate Mashariki kwa kuwa wanajenga bila kelele, nyingine husema tufuate Magharibi kwa kuwa wanaheshimu haki. Mimi kwenye barabara ya Mombasa nimeona kamera bila kanuni, na nimeona semina za haki bila haki. Hakuna kambi iliyokuja kutuuliza.

4. Mkataba wa afya

Tarehe 4 Desemba 2025, Washington, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano, Marekani ikiahidi hadi dola bilioni 1.6. Fedha hizo zinahitajika. Hospitali zetu mnazijua. Lakini haikupita hata wiki mbili Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeana data za afya, kwa sababu kuna Wakenya waliokwenda kuuliza habari za wagonjwa zinakwenda wapi na kwa idhini ya nani. Hawa si wapinzani wa dawa. Wanauliza swali lile lile lililoulizwa kuhusu reli, na safari hii aliyekaa upande wa pili wa meza si Beijing. Mkiona mikataba miwili na mataifa mawili yasiyoelewana kwa lolote inaishia kwenye malalamiko yale yale, basi kasoro haiko kwao.

5. Semina zinapokatika

Hili ni fupi. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifunga shughuli zake rasmi Julai 2025. Miradi mingi ya ugatuzi na elimu ya uraia ilikuwa imeegemea hapo, na ofisi zikafungwa, viti vikauzwa. Kama ushiriki wa mwananchi Mombasa ulikuwa unategemea bajeti ya bunge la nchi nyingine, haukuwa wetu. Kaunti ina jukumu la kuulipia yenyewe.

Waheshimiwa, msiniambie mashindano haya ni mapya na mnajifunza polepole. Mji huu una uzoefu. Mwaka 1824 Wamazrui, wakimwogopa Sayyid Said wa Omani, walimkaribisha nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza na bendera yake ikapandishwa Mombasa. Mwaka 1826 London ikaikataa himaya hiyo, bendera ikateremshwa, Wamazrui wakaachwa peke yao mbele ya Sayyid Said, na 1837 akaumeza mji. Tarehe 14 Desemba 1895 Uingereza na Sultani wa Zanzibar wakatiliana saini juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani hii, na wenye pwani hawakuwamo chumbani. Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ikaingia Kilindini na shehena ya silaha, Mzee Kenyatta akaikataa. Huko Nairobi Taasisi ya Lumumba, iliyojengwa kwa msaada wa kambi ya Mashariki na kufunguliwa Desemba 1964, haikumaliza hata mwaka. Kisha 1980 Marekani ikapewa ruhusa ya kutumia bandari na viwanja vyetu vya ndege kijeshi. Kila mara ilisemwa ni ya manufaa yetu, na kila mara tulisikia baada ya wino kukauka.

Na wale wanaosema vyama vingi tuliletewa na wafadhili waliokata misaada Novemba 1991, wakumbuke Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, ilikuwa Julai 1990. Watu walikuwa tayari wamepigwa marungu kabla mfadhili hajafungua kinywa.

Sasa visingizio, maana nimeshavisikia mapokezi.

Mtasema mambo ya nje ni ya serikali ya kitaifa, Jedwali la Nne la Katiba linasema hivyo. Kweli linasema. Basi maafisa wa kaunti wanatia saini nini ng'ambo? Na kama wanachotia saini ni mafunzo na urafiki wa miji tu, hakuna siri ya dola ndani yake, tuonyesheni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeweka wazi kwamba mwananchi apate habari kwa wakati. Tunarushwa kama mpira: kaunti inasema uliza Nairobi, Nairobi inasema uliza kaunti.

Mtasema mshirika ameomba usiri. Mwambieni Katiba yetu haina nafasi hiyo, asipokubali akatafute mteja mwingine kwingine. Akiambiwa na kila nchi atazoea.

Mtasema umma ulishirikishwa. Waheshimiwa, nimehudhuria. Tangazo linatoka gazetini juzi, kikao kinafanyika kesho, waraka ni kurasa kwa kurasa za Kiingereza cha mawakili, mwenyekiti anauliza "kuna swali?" huku chakula kikiandaliwa nyuma. Orodha ya waliohudhuria ndiyo inayoambatishwa kuwa ushahidi kwamba tulikubali.

Mtasema bila wageni hakuna maendeleo, na mtanionyesha kituo cha pili cha makontena na barabara ya Dongo Kundu, ambavyo Japani imevigharimia. Sikatai. Mombasa imeishi na wageni tangu iitwe Mvita. Tunawauliza ninyi, siyo wao.

Na tafadhali, katika majibu yenu msitumie ile methali ya fahali wawili na nyasi. Imetumika kila hotuba ya mambo ya nje hadi imechakaa, tena haitufai. Nyasi hazina Katiba. Sisi tunayo, tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na humo mna namna yetu ya kutawaliwa, tuliyoichagua bila kufundishwa Kibaha wala Washington: ugatuzi, ushirikishwaji, haki ya kupata habari. Kila mfumo unaoletwa upimwe kwa Katiba hiyo.

Kwa hayo, naomba yafuatayo.

(a) Mikataba yote ya maelewano inayohusu Mombasa, iwe ya kaunti au ya taifa, na iwe na Uchina, Marekani, Umoja wa Ulaya, Japani, nchi za Ghuba au yeyote, iwekwe pamoja mahali pamoja pa wazi, mzima mzima pamoja na viambatisho. Viambatisho ndivyo vyenye sumu. Kila karani anajua.

(b) Kabla ya saini, utolewe muhtasari wa Kiswahili. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na waraka usioeleweka Kongowea haujasomwa na Mombasa.

(c) Kila afisa anayepelekwa kwenye mafunzo ya utawala, Beijing au Brussels, akirudi aandike alichofundishwa, nani amelipa tiketi na posho, na anakusudia kubadilisha nini katika idara yake. Aisome mbele ya kamati ya Bunge la Kaunti, mlango ukiwa wazi.

(d) Kanuni za kamera za barabarani zichapishwe: muda wa kuhifadhi picha, nani ana ruhusa, na mlango wa malalamiko.

(e) Mkataba wowote wenye kifungu cha siri, au unaopeleka migogoro kuamuliwa nje ya nchi, au unaohamisha data za wagonjwa, usitiwe saini kabla ya kujadiliwa bungeni hadharani. Najua hili ndilo litakalopingwa kuliko yote. Ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Naomba jibu la maandishi katika muda wa siku 21 uliowekwa na sheria, lenye jina na cheo cha aliyeandika. Likikosekana, lalamiko litapelekwa kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, na baada ya hapo Mahakama Kuu, ambayo kutoka kwangu ni mwendo wa miguu.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Tudor,
Karani mstaafu wa forodha, Mombasa

Nakala: Kamati ya Bunge la Kaunti inayohusika; Ofisi ya Ombudsman; vyama vya mawakala wa forodha na madereva wa masafa marefu.